Bakteria wa tumbo la mama walifikaje kwenye damu yake?

"Shikamoo daktari. Mamangu ana miaka 61, ana saratani ya tezi za limfu na anatibiwa kwa kemo. Tunakaa Likoni, ingawa yeye amekulia Msambweni na amelima huko miaka mingi. Siku ya 10 baada ya kemo ya pili alitoka vidonda mdomoni, akaharisha, kisha usiku akashikwa na homa na kutetemeka mpaka kitanda kikitingishika. Tulivuka naye feri, akalazwa. Damu yake ilioteshwa maabara ikaonekana ina klebsiela, na daktari wa wodi akatuambia mdudu huyo ametoka tumboni mwake mwenyewe. Alhamdulillahi amepona. Lakini mimi ndiye ninayempikia, na jirani anasema huo ni uchafu wa chakula, kwamba ilikuwa taifodi ikaachwa mpaka ikaingia damuni. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa na kikohozi nikamnunulia amoksilini dukani. Shangazi anataka tumpe haluli imsafishe tumbo kabla ya kemo ya tatu. Muuza dawa naye anataka kuniuzia kapsuli za bakteria wazuri. Nifanye nini? Na je, ni mimi niliyemletea?"

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguza. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana, si wewe uliyemletea. Wewe ndiye uliyevuka naye feri usiku uleule badala ya kungoja kupambazuke, na kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeisha, saa hizo chache ndizo zinazoamua. Haluli, kapsuli na amoksilini nitazifikia, ila kwanza nataka uelewe kilichotokea mwilini mwake, maana mengi katika uliyoyauliza yanategemea hapo.

Jirani amechanganya magonjwa mawili. Taifodi huletwa na bakteria aina ya salmonela, ambaye humezwa na maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa huo, na ana uwezo wa kupenya utumbo wa mtu mwenye afya yake kamili mpaka akafika kwenye damu. Klebsiela wa kawaida hana uwezo huo. Watu wengi wanaye tumboni leo hii, wanakula, wanafanya kazi, wala hawana habari naye. Tena taifodi haigeuki ikawa klebsiela, hata ikiachwa vipi. Hapa kwetu Mombasa homa yoyote huitwa malaria au taifodi, na kile kipimo cha haraka cha taifodi kinachofanywa kwa tone la damu hutoa majibu ya kupotosha mara nyingi mno. Mama hakupimwa hivyo. Damu yake ilitiwa kwenye chupa zenye chakula cha bakteria, chupa zikawekwa kwenye joto kama la mwili, na aliyekuwa hai humo akaongezeka mpaka akaonekana na kutambuliwa kwa jina. Hayo ndiyo majibu ya kuyashika.

Sasa tuingie tumboni. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mwili wa mtu mzima una bakteria trilioni 38 hivi, idadi inayokaribiana na ya seli zake mwenyewe, na karibu wote wamo kwenye utumbo mpana. Walio wengi ni wale wasiovumilia hewa ya oksijeni. Hao huchachua nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi ambazo ndizo lishe kuu ya seli za ukuta wa utumbo. Katikati yao wamo wachache wa namna nyingine, kama E. coli, klebsiela na enterokoka. Hao ndio nyemelezi. Kwa kawaida hawadhuru, lakini hali ya mwili ikibadilika huongezeka haraka na kuvuka mpaka.

Na mpaka wenyewe ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Kati ya bakteria hao na damu kuna safu moja tu ya seli, zilizobanana ubavu kwa ubavu, na juu yake ute mzito. Katika utumbo mpana ute huo una tabaka mbili, na tabaka la ndani karibu halina bakteria kabisa. Seli zenyewe hazidumu: kila baada ya siku 3 hadi 5 huwa zimekwisha kubadilishwa. Hata kwa mtu mzima wa afya, bakteria mmoja mmoja hupenya. Akipenya humezwa na chembe za kinga zilizo chini ya safu hiyo, na akiponyoka hapo akaingia kwenye mishipa ya utumbo, damu hiyo hupita kwanza kwenye ini, ambako kuna seli nyingine zenye kazi hiyohiyo ya kuwameza. Kwa hiyo kupenya peke yake si ugonjwa. Ugonjwa huja vizuizi kadhaa vikilegea kwa wakati mmoja.

Kwa mama cha kwanza kulegea kilikuwa ile safu ya seli. Dawa za kemo huua seli zinazogawanyika kwa kasi. Ndizo seli za saratani, lakini pia za mizizi ya nywele, za uboho wa mifupa, na za utando wa mdomo na utumbo. Vile vidonda ulivyoviona mdomoni mwake vina maana kubwa. Utando uliochubuka mdomoni ni huohuo unaoendelea kushuka mpaka chini, na mgonjwa wa kemo mwenye vidonda mdomoni na kuharisha kwa pamoja mara nyingi ana michubuko kama hiyo kwenye utumbo, isipokuwa huioni. Kemo ikifululiza kuua seli changa, zilizokufa hazipati za kuzirithi kwa siku kadhaa, na papo hapo ndipo bakteria hupata njia.

Cha pili ni chembe nyeupe, hasa zile ziitwazo nyutrofili, ambazo ndizo za kwanza kumkabili bakteria. Hizi huishi kwenye damu kwa muda mfupi sana, hivyo uboho ukisimama kuzitengeneza, akiba huisha upesi. Kwa kemo nyingi, kiwango hushuka kufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku ya 10 ya mama iko katikati. Mtu mzima kwa kawaida huwa na nyutrofili zaidi ya 1,500 katika kila maikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 500, bakteria ambaye siku nyingine angemezwa kimyakimya huweza kuzaliana ndani ya damu yenyewe. Angalia basi jinsi mambo mawili yalivyokutana: utando umechubuka wiki ileile ambayo chembe za kinga hazipo.

La tatu ni lile la amoksilini, na hapa nakuomba unisikilize bila kujilaumu, maana ulichofanya hufanywa na karibu kila nyumba mjini humu. Klebsiela kwa maumbile yake haiuliwi na amoksilini. Haikuanza leo kwa sababu ya usugu. Imezaliwa na kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Lakini wengi katika majirani zake tumboni hufa kwa dawa hiyohiyo. Ukipiga shamba dawa inayoua kila kitu isipokuwa ndago, baada ya wiki utakuta shamba zima ni ndago, wala si kwa sababu ndago ameletwa upya. Bakteria wasiopenda oksijeni wakipungua, zile asidi walizokuwa wakitoa hupungua, seli za utumbo hukosa lishe yao, oksijeni kidogo huanza kuvuja kuingia utumboni, na E. coli na klebsiela, ambao hustawi penye oksijeni, hupata nafasi na chakula. Siwezi kukuambia kwamba dozi ile moja ndiyo iliyosababisha. Kemo peke yake inatosha kuleta haya, na kuna wagonjwa wengi waliopatwa bila kumeza antibiotiki yoyote. Lakini kuanzia sasa, kwa mama yako, antibiotiki isinunuliwe dukani hata moja. Kikohozi kikija, apimwe.

Jambo hili la bakteria mmoja kutawala utumbo limefuatiliwa vizuri kwa wagonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa New York walichapisha kazi waliyofanya kwa wagonjwa 94 waliopandikizwa uboho, wakichunguza vinyesi vyao mara kwa mara. Kwa wale ambao utumbo wao ulikwisha kutawaliwa na kundi la kina E. coli na klebsiela, hatari ya bakteria wa aina hiyo kuingia kwenye damu ilikuwa kama mara 5 ya wengine. Kwa waliotawaliwa na enterokoka, hatari ya enterokoka sugu kuingia damuni ilikuwa kama mara 9. Yaani utumbo ulibadilika kwanza, damu ikafuata.

Pengine unajiuliza daktari wa wodi alijuaje kwamba mdudu alitoka tumboni. Kusema kweli, mara nyingi tunafikia hapo kwa kuondoa njia nyingine. Klebsiela huweza kuingia damuni kutokea kwenye mkojo, mapafu, kibofu cha nyongo, au kwenye sindano ya dripu iliyokaa mshipani siku nyingi. Wakikuta mkojo safi, kifua safi, mahali pa sindano hapajavimba, na mgonjwa ana vidonda mdomoni, anaharisha na chembe nyeupe hana, utumbo ndio unaobaki. Na si kwa wagonjwa wa saratani tu. Huko Melbourne walilinganisha vinasaba vya klebsiela kwa wagonjwa wa chumba cha mahututi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, karibu nusu ya waliopata maambukizi ya klebsiela waliambukizwa na aina ileile waliyokuwa nayo tayari mwilini. Nusu nyingine walipata kwingine, hospitalini kwenyewe kukiwamo, ndiyo maana mikono ya wahudumu na ya wageni wanaokuja kumtazama ina uzito uleule wa dawa. Mtu yeyote anayeingia chumbani kwake anawe kwa sabuni kwanza, hata mjukuu.

Sasa haluli. Namheshimu shangazi na najua nia yake ni njema, lakini mkatalieni kwa upole na msirudi nyuma. Haluli haichagui. Haimtoi klebsiela ikawaacha wengine. Inasukuma maji na chumvi za mwili, inausumbua utando ambao ndio kwanza unapona, na mgonjwa wa kemo akipungukiwa maji figo zake huumia upesi. Mafuta ya mbarika ni vivyo hivyo, na maji ya mwarobaini msimpe. Kitu kingine ambacho watu hawakitaji kwa aibu: katika wiki ambazo chembe nyeupe ziko chini, asitiwe chochote njia ya haja kubwa, si bomba la maji, si dawa ya kupachika, si hata kipimajoto, isipokuwa daktari wake ameagiza. Mchubuko mdogo tu hapo, penye bakteria wengi kiasi hicho, ni mlango. Akifunga choo, mwambieni daktari, atampa dawa laini ya kunywa.

Kapsuli za bakteria wazuri nazo uziache kwa sasa. Zina faida kwa baadhi ya watu wenye kinga kamili, lakini humo ndani mna bakteria hai, na mama ana utando uliochubuka. Huko Boston, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watoto kadhaa waliokuwa mahututi walikutwa na bakteria damuni, na vinasaba vikaonyesha ni walewale waliokuwa kwenye kapsuli walizopewa hospitalini. Ni nadra, lakini kwa mtu ambaye faida yenyewe haijathibitishwa, mimi nisingemuwekea mamangu hatari hiyo. Maziwa ya mtindi ya kiwandani, yaliyochemshwa kwanza kabla ya kugandishwa, ni suala la kumuuliza daktari wake. Katika zile siku za chembe kushuka wengi tunasema asubiri. Mtindi wa maziwa mabichi, ya ng'ombe au ya ngamia, asinywe kabisa kipindi chote cha matibabu.

Upishi wako je? Endelea nao. Kuna hospitali zilizokuwa zikiwakataza wagonjwa matunda na mboga mbichi zote, lakini tafiti zilipolinganisha, katazo hilo halikupunguza maambukizi. Lililopungua ni hamu ya kula. Tunachosisitiza ni usafi: nyama, mayai na samaki viive mpaka ndani, matunda yaoshwe kisha yamenywe, chakula kiliwe kingali moto. Wali wa nazi uliolala usimpashie. Maji ya mkokoteni au ya kisima yachemshwe mpaka yatokote, hata ya kusukutulia mdomo wake. Kachumbari na juisi za barabarani aziache mpaka kemo ziishe. Na siku ambazo haharishi na mdomo hauumi, mpe mbaazi, maharagwe, mchicha, ndizi, viazi vitamu. Nyuzinyuzi za vyakula hivyo ndizo wanazoishi kwazo wale bakteria wa kumlinda, na huko ndiko kuutengeneza utumbo kwa njia ya kweli. Mdomo ukiwa na vidonda, uji mwepesi na supu vinatosha.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami nisingependa uondoke bila kulisikia, kwa sababu umetaja kwamba mama amelima Msambweni. Katika sehemu zenye joto na udongo wa unyevunyevu, kuna mnyoo mdogo sana uitwao strongiloide, unaoingia kupitia ngozi ya mguu peku. Tofauti na minyoo mingine, huu huzaliana ndani ya mtu, kwa hiyo unaweza kukaa miongo kadhaa bila dalili. Matibabu mengi ya saratani ya tezi huwa na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ya kumeza pamoja na dripu za kemo. Mtu mwenye mnyoo huu akipewa dawa za jamii hiyo, mnyoo unaweza kuongezeka ghafla, ukatoboa ukuta wa utumbo kwa maelfu, na kila unapopita hubeba E. coli na klebsiela kuwaingiza kwenye damu. Vidonge vya minyoo vya kawaida vya kumeza mara moja haviumalizi; hutibiwa kwa ivermektini. Sisemi ndicho kilichompata mama, maana kemo yenyewe inatosha kueleza. Lakini muulize daktari wake kama amewahi kupimwa au kutibiwa mnyoo huo. Swali hilo ni la dakika moja, na kwa mzee wa pwani aliyelima peku, lina maana zaidi kuliko haluli zote.

Kemo ya tatu isiogopwe wala isifutwe kwa hofu, kwa sababu saratani ya tezi isiyotibiwa ni hatari kubwa kuliko haya. Daktari ana njia za kuifanya iwe salama zaidi, na kila moja ina gharama yake. Anaweza kumpa sindano za kuuamsha uboho utengeneze chembe nyeupe mapema. Kwa mgonjwa ambaye tayari amepatwa na homa kama yake, mimi ningeziulizia kwanza, ingawa bei yake si ndogo na mifupa huuma. Anaweza kupunguza dozi au kuisogeza mbele wiki moja, lakini hapo nguvu ya tiba nayo huenda ikapungua, hivyo uamuzi ni wake baada ya kuona vipimo. Njia nyingine ni antibiotiki ya kinga katika siku za hatari. Hiyo hupunguza homa kwa wagonjwa ambao chembe zao hukaa chini muda mrefu, lakini hulea bakteria sugu, kwa hiyo si ya kila mtu, na kamwe si ya kujianzishia nyumbani.

Nunua kipimajoto leo kama huna. Baada ya kemo, kuanzia siku ya 5 hivi, mpime asubuhi na jioni na wakati wowote anaposema ana baridi. Ikifika 38, ni hospitali, si kesho. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo ukipima kwapani ukakuta 37.5 naye anatetemeka, ondokeni. Usimpe panadol kabla ya kupima, kwa sababu itaificha homa huku bakteria wakiendelea. Na ikiwa yuko kwenye prednisoloni, homa inaweza isije kabisa: mama akianza kuhema haraka, kuchanganyikiwa, kulegea, ngozi kuwa baridi ya majimaji, au kukojoa kidogo sana, hiyo ni dharura hata kipimajoto kikisema 36. Lengo ni apate antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike, na damu ya kuotesha itolewe kwanza. Mnakaa Likoni, kwa hiyo panga mapema: nani ana gari usiku, feri ikichelewa mtaanzia kituo gani upande wenu huohuo, nani atabaki na watoto. Mkifika pale casualty, sentensi ya kwanza iwe, "Huyu yuko kwenye kemo na ana homa." Msikae foleni kimya.

Mwisho, ile karatasi ya majibu ya maabara ya kuotesha damu, yenye jina la klebsiela na orodha ya dawa zinazomuua na zisizomuua, iombe hospitali na uipige picha kwenye simu yako. Klebsiela wengi siku hizi ni sugu hata kwa seftriaksoni, dawa ambayo wagonjwa wengi huanzishiwa wakifika, na aliyekaa tumboni mara hii anaweza kuwa bado yupo kemo ijayo. Daktari wa zamu saa nane za usiku, asiyemjua mama yako, akiiona picha hiyo atachagua dawa sahihi tangu chupa ya kwanza.